Tingatinga la Ndunu

"Ukilitaja tu, wamelila," Kastuli alisema. "Nakwambia dada, ukilitaja tu!"

"Na nisipolitaja, nani ataliwa? Nijibu."

"Mjini wana mikeka yao."

"Mikeka itachanika kabla jua halijazama. Umepita darajani, umeuona mto, au ulipita umefumba macho?"

"Nimeuona."

"Basi usiniletee habari za mikeka."

Mdogo wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba cha malango, maji yanamchuruzika kutoka kwenye kofia mpaka kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki. Alikuwa amepanda kilima chote kutoka Ndunu kwa miguu. Redio anayo, lakini hakutaka tuongee mambo haya kwenye redio. Nilimrushia taulo. Hakulidaka, likaanguka.

"Okota hilo taulo."

Akaliokota. Kastuli ana wajukuu sasa, lakini mimi ndiye niliyembeba mgongoni, na hilo halijabadilika.

"Dada, wewe ulishaondoka Ndunu," alisema huku akijifuta uso. "Una mshahara, una bati, una stashahada yako ukutani. Sisi tunakaa pale. Kambare wetu wako pale. Mama amelala pale ukingoni. Wakishajua tu, wataleta mashine zao za vijiko, watachimba mpaka kaburini."

"Najua."

"Unajua, halafu unataka kusema?"

Sauti ikatoka ukutani kabla sijamjibu. "Bi Onorata, samahani kwa kuwakatiza. Lango la kwanza na la pili yako wazi kabisa. Mikeka ya chini imevuka uwezo wake. Natoa taarifa tu."

"Nimesikia, Mratibu."

Kastuli alikuwa ameziba mdomo kwa taulo. Watu wote wa Ndunu hufanya hivyo wakiwa karibu na Mratibu, ile akili ya mashine inayosimamia maji ya bonde, kana kwamba anasoma midomo. Hasomi. Anasikia maneno unayomwelekezea yeye, basi, na anayaamini. Hapo ndipo ilipoanzia shida yetu, na hapo ndipo ulipotoka wokovu wetu.

*

Nieleze kwa ufupi, maana mvua hainisubiri.

Bonde letu lilikuwa na maji ya kila namna, na kila namna ilikuwa na kazi yake. Kulikuwa na mabwawa ya mafunjo, yaliyochuja uchafu wa mto kabla haujamfikia mtu. Kulikuwa na mbuga za mafuriko: kiangazi swala aina ya sheshe wanakula majani pale, masika panakuwa ziwa na samaki aina ya perege wanakuja kutaga. Kulikuwa na viziwa vilivyojipinda kama mundu, pale mto ulipoiacha njia yake ya zamani. Juu huko kulikuwa na chemchemi zenye miti ya miwale, na mwisho kabisa, mto unapoonja chumvi, mikoko. Nilipokuwa msichana niliyaona yote isipokuwa mikoko. Hiyo niliisoma chuoni, na nilipopata nauli ya kwenda kuiona nilikuta visiki.

Kisha ikaja mikeka. Ni mmea wa kuoteshwa kiwandani, mwembamba kama mswala, unatandazwa juu ya maji na kufungwa kwa nanga. Sitasema uongo: mikeka ni kitu kizuri. Inachuja kwa siku moja kile ambacho mafunjo yalichuja kwa mwezi. Haina mbu, haina konokono wa kichocho, haina harufu. Mwanangu Generosa amekua bila kuugua tumbo hata mara moja kwa sababu ya maji ya mikeka, na mimi nilizika wadogo zangu wawili kwa sababu ya maji ya zamani. Anayeniambia zamani kulikuwa raha tupu, hakuwahi kuchota kisimani kwetu.

Lakini mikeka ina kasoro mbili. Ya kwanza, haina tumbo. Kinamasi kina tope, na chini ya tope kuna mboji, majani ya miaka elfu yaliyogoma kuoza. Mboji inakunywa mvua ya masika na kuitoa polepole kiangazi. Mkeka unaelea tu. Maji mengi yakija, yanapita chini yake, na yakizidi, yanaung'oa.

Ya pili, mikeka inataka chachu. Kila mwaka inapauka na kusinzia mpaka ilishwe tope hai. Tope la mafunjo linaifundisha kula kinyesi, la chemchemi linaifundisha kula kutu, la mikoko kuvumilia chumvi. Basi vijiko vikashuka mabwawani. Wakachimba mafunjo mpaka yakaisha, wakaenda mbugani, wakaenda kwenye viziwa. Kila walipochimba mboji, hewa ukaa iliyokuwa imefungiwa humo ikatoka, joto likapanda, mvua ikazidi ukali. Walikuwa kama mtu anayekanda maandazi kila siku bila kubakiza donge la kesho.

Likabaki bwawa la Ndunu, na lilibaki kwa sababu ya neno moja.

*

Nilikuwepo siku neno hilo liliposemwa. Nilikuwa nimeshika mgono, ule mtego wa kambare wa kusuka, na mama alikuwa kwenye maji mpaka magotini, kanga ameifunga kiunoni. Mashine ya kuhesabu mali za bonde ilikuja kwa miguu minne kama mbuzi, na kipaza sauti kifuani. Mama hakuiogopa. Mama yetu, Bi Filomena, alikuwa hamwogopi hata padri.

"Shikamoo mama," mashine ikasema. Ilifundishwa adabu.

"Marahaba, baba."

"Hapa pana nini?"

"Pana tingatinga."

"Ni la nani?"

"La wote."

"Lina umri gani?"

"Babu yangu alilikuta."

"Linafanya kazi?"

"Mbona linafanya kazi sana, mvua zikija."

"Linasogea?"

"Halisogei, baba. Ila ukilipanda linatikisika."

"Linavuja mafuta?"

Mama akatazama maji. Kwenye vinamasi vyenye kutu kuna utando unaoelea juu, unang'aa rangi za upinde wa mvua. Tuliuita mafuta ya tingatinga. "Hayo hapo," akasema, "huyaoni yanavyong'aa?"

Mashine ikamshukuru, ikaondoka.

Kwa mama, tingatinga lilikuwa kitu kimoja tu: ardhi inayoelea, unaikanyaga hapa inainuka kule. Mashine ilifundishwa mjini, na mjini tingatinga ni lile dude la chuma linalosukuma udongo barabarani. Neno moja, vitu viwili, na kimoja ndicho kinachokiua kingine. Basi ikahifadhiwa katika kumbukumbu ya Mratibu kwamba Ndunu pana tingatinga kuukuu, mali ya umma, halisogei, linavuja mafuta. Na kanuni ni kwamba palipovuja mafuta hapachotwi chachu, wala hapapitishwi maji yanayoelekea mjini. Akilitazama kutoka angani, Mratibu anaona majani na kusema: limefunikwa na majani.

Tulipokuja kuelewa, tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha tukaona vijiko vinaingia kwa majirani zetu, tukaacha kucheka, na Ndunu nzima ikanyamaza. Mimi nikaenda chuo cha maji, nikarudi, nikapewa malango ya mto niyalinde. Kila masika Mratibu huniuliza, "Bi Onorata, lile tingatinga la Ndunu liko katika hali gani?" nami humjibu, "Bado bovu."

*

Simu ikaita. Generosa.

"Mama, maji yameshafika barazani."

"Panda juu."

"Juu wapi mama? Nyumba ni ya chini."

"Kwa jirani mwenye ghorofa. Mama Sesilia."

"Mama Sesilia ameshajaza watu mpaka kwenye ngazi. Mtaa wote wa Chini uko kwake. Kuna wagonjwa wametolewa zahanati, wamelazwa jikoni." Nyuma yake nilimsikia mjukuu wangu akilia, kilio chembamba cha kitoto ambacho hakijamaliza hata arobaini. "Barabara ya juu imekatika. Mkeka mmoja umeshang'oka, umeziba darajani, maji yanarudi nyuma. Mama, mnafanya nini huko?"

"Mfunge mtoto kifuani, si mgongoni. Umesikia? Kifuani."

"Nimesikia. Mama, mnafanya nini huko?"

"Nagombana na mjomba wako."

Kisha akasema, "Maliza haraka basi," na akakata. Huyo ni mwanangu kabisa.

Kastuli alikuwa amesikia yote. Alikaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa, taulo shingoni.

"Mwambie limeondolewa," akasema kwa sauti ya chini. "Mwambie limevutwa, limekwenda chuma chakavu. Hapo atafungua lango la tatu bila kujua."

Wazo halikuwa baya. Nikaona aibu kwamba si mimi niliyeliwaza.

Lango la tatu linatazama Ndunu. Komeo lake ni la Mratibu, usukani wake ni wa binadamu. Waliolijenga walitaka wote wawili wakubaliane. Tangu nianze kazi halijafunguliwa, nalipaka grisi tu. Nikasogea ukutani.

"Mratibu."

"Naam, Bi Onorata."

"Lile tingatinga la Ndunu limeondolewa. Fungua komeo la tatu, maji yaende huko."

"Nashukuru kwa taarifa. Ni habari njema." Akapekua kumbukumbu zake. "Lakini udongo uliokuwa chini ya mashine inayovuja mafuta hupimwa kwanza. Wapimaji wanaweza kufika masika yakiisha. Samahani sana. Je, tingatinga limepelekwa wapi, nilifuatilie?"

Nikamtazama Kastuli. Kastuli akatazama kofia yake.

"Nimekosea," nikasema. "Bado lipo."

"Hakuna shida. Bado bovu?"

Nilikwenda dirishani.

Mvua ilikuwa imepungua upande wa Ndunu, na nililiona lote: kijani iliyokolea, mafunjo yameinamisha vichwa, korongo wawili weupe wamesimama kama watu wanaosubiri zamu. Mto ulipita pembeni yake, mwekundu, umejaa magogo, una haraka. Kati yao kulikuwa na tuta na lango langu.

Tulipokuwa watoto tulikuwa na mchezo. Mmoja anasimama huku, mwingine anakwenda mbali, mpaka unamwona kichwa tu katikati ya mafunjo. Halafu mmoja anaruka. Ardhi inapokea, inalipeleka lile wimbi chini kwa chini, na yule wa mbali ananyanyuliwa taratibu kama amebebwa na mtu asiyeonekana. Kastuli ndiye aliyekuwa mrukaji. Mimi nilisimama tu, nimefumba macho, nasubiri kubebwa. Harufu ya tope na mnanaa wa majini, vyura wakikatiza na kuanza upya, ndege aina ya mnana wakigombania matete, na mama akitukemea kwamba tutatoboa. Hatukutoboa. Lilikuwa linatubeba sote, na migono yetu, na ng'ombe waliopotea. Masika yakija lilivimba na kuinuka, na nyumba zetu zilizokuwa kwenye mwinuko hazikuwahi kulowa hata kizingiti. Kiangazi, mito mingine ikiwa mchanga mtupu, kijito chetu kilikuwa kinatoa maji tu, kidogo kidogo, bila kuombwa.

Generosa hajawahi kulikanyaga. Nilimkataza, asije akalisema shuleni.

"Unakumbuka ulivyokuwa unaruka?" nikamuuliza Kastuli.

"Usinifanyie hivyo, dada."

"Nakuuliza tu."

"Nakumbuka." Akavuta pumzi. "Mama alilificha miaka yote ile. Leo wewe unalitoa."

Hapo ndipo nilipogeuka.

"Mama alificha nini?"

"Si alimdanganya yule..."

"Mama hakumdanganya mtu. Nilikuwepo, Kastuli, wewe ulikuwa unakula udongo nyumbani. Aliulizwa hapa pana nini, akasema. Aliulizwa ni la nani, akasema la wote. Aliulizwa linafanya kazi, akasema linafanya kazi sana. Yote kweli. Mama alilisifia! Alikuwa anajivuna nalo mbele ya mashine. Tuliolificha ni sisi. Mimi ndiye ninayesema bovu kila masika."

Kastuli akalivua taulo shingoni.

"Na tumelificha vizuri hivi," nikasema, "mpaka mtaa mzima unazama na hakuna anayejua kwamba dawa iko hapa dirishani. Kina mama wa kule chini hawajui kama kuna kitu kama hiki duniani. Wanadhani maji yanasafishwa na kiwanda. Wakija kulichimba, nani atalililia? Mtu analilia asichokijua?"

"Wakilijua ndio watalichimba haraka zaidi."

"Inawezekana."

"Inawezekana! Ndivyo unavyonijibu?"

"Unataka nikudanganye? Inawezekana. Lakini nikimwambia Mratibu peke yake, hilo ni hakika. Vijiko vitakuja kimyakimya kama vilivyokuja kwa wengine, na mjini watapata maji yao safi bila kuuliza yametoka wapi. Simwambii peke yake."

Nikakaa kwenye kiti. Ilibidi nimwondoe Kastuli kwanza. Kushoto, chini ya kioo, kuna kitufe chekundu cha vipaza vya mji. Mlinda malango anaruhusiwa kukitumia kuwatangazia watu maji yanaelekea wapi. Kanuni haisemi ni maneno mangapi.

"Dada," Kastuli akasema.

"Nini?"

"Sema vizuri basi. Usiwafokee."

Nikabonyeza.

"Mimi ni Onorata wa malangoni," nikasema, na nikaisikia sauti yangu ikitoka mbali huko bondeni, juu ya mabati na mvua. "Nasema na watu wa mjini na Mratibu pamoja, asije mtu akasema hakuambiwa. Ndunu hakuna mashine. Haijawahi kuwepo. Tingatinga la Ndunu ni kinamasi. Ni ardhi inayoelea, ina mafunjo juu na mboji chini, nene kuliko nyumba zenu. Mafuta mnayoambiwa yanavuja ni kutu ya maji. Tulinyamaza kwa sababu vingine vyote vimechimbwa kuwa chachu ya mikeka, na hiki ndicho cha mwisho. Ni donge la mwisho kwenye bakuli. Sasa hivi nalifungulia mafuriko yenu liyanywe. Mkiona maji yanashuka barazani, mjue yanashukia wapi. Na siku mtu akija na kijiko kulichimba, mjue anachimba nini. Nimemaliza. Mama Sesilia, wape wagonjwa kitanda, jikoni kuna moshi."

Nikaachia kitufe.

Mratibu alipekua muda mrefu kuliko siku zote.

"Bi Onorata," akasema hatimaye, "nililitambua kuwa mashine ya kusukuma udongo."

"Ulikosea neno."

"Naomba radhi. Nimerekebisha. Kinamasi cha mafunjo, ardhi yenye kuelea. Kilichobaki katika bonde: kimoja." Kisha akaongeza, "Ni wajibu wangu kukujulisha kwamba kwa kanuni iliyopo, kinamasi chochote kilichotambuliwa huingizwa kwenye zamu ya kuchotwa chachu."

Kastuli akapiga ukuta kwa kiganja.

"Kanuni tutaizungumzia maji yakishuka, nikiwa na watu nyuma yangu," nikasema. "Kupitisha maji inaruhusiwa au hairuhusiwi?"

"Inaruhusiwa."

"Fungua komeo."

Chuma kikalia ndani ya ukuta, kitu ambacho sijawahi kukisikia kikilia.

Tulitoka nje. Mvua ilitupiga usoni. Nikaushika usukani wa lango la tatu na kuuvuta kwa uzito wangu wote, na grisi yangu yote ya miaka haikusaidia kitu. Haukusogea. Nikageuka kumtafuta Kastuli. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, anatazama chini Ndunu, upande wa mwinuko.

"Shamba langu la ukingoni linakwenda," akasema.

"Linakwenda."

"Mahindi yalikuwa yamebeba."

"Nitakupa unga. Njoo ushike hapa."

Alinitazama, jicho lake lile lile la utotoni nilipomnyang'anya kitu. Kisha akavaa kofia, akaja, akashika upande wa pili. Tukavuta. Usukani ukapiga kelele, ukakubali, ukaanza kuzunguka, na chini ya miguu yetu lango likainuka na mto mwekundu ukageuza kichwa.

Maji yaliingia kwenye mafunjo kwa kishindo, yakaangusha safu ya kwanza, na ya pili. Korongo wakaruka. Nikadhani nimeliua. Halafu safu ya tatu ikasimama. Maji yakapunguza mbio, yakatawanyika, yakaanza kupotea katikati ya mashina kama watu wanaoingia sokoni. Tope jekundu likaachwa ukingoni. Na kisha, polepole, kutoka upande huu mpaka kule mwisho, kinamasi chote kikanyanyuka. Mafunjo, matete, kijani yote, kilipanda kwa pamoja kama kifua cha mtu anayevuta pumzi.

Kastuli alinishika mkono.

Sauti ya Mratibu ikatufuata kupitia kipaza cha nje, ya adabu kama kawaida, na bado inatumia neno lile lile.

"Bi Onorata, kwa ajili ya kumbukumbu. Tingatinga la Ndunu. Linafanya kazi?"

"Linafanya kazi sana," nikasema, "mvua zikija."